Sawa ya Pili

Baba,

Pampu ya Nakaloke imetulia. Naanza na hilo maana nakujua: ungeruka salamu uitafute kazi kwanza, ndipo urudi kuuliza nani mgonjwa. Hakuna mgonjwa. Mama anakula kidogo, lakini anakula.

Unakumbuka ulivyoiacha. Jioni ile hapa Jinja uliweka impela, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, juu ya reli zako mbili za chuma, ukalizungusha kwa kidole. Mwanzoni upande mzito ulishuka chini kila mara. Ukautia chaki, ukausaga, ukazungusha tena. Mwishowe likawa linasimama popote. Ukasema, "Sawa." Moja tu. Ya pili hukuwahi kuisema karakanani. Uliisema kwa mteja, pampu ikizunguka, kiganja chako juu yake. Wateja wapya walikusumbua: "Afande, sema sawasawa basi, twende!" Nawe hukuvaa gwanda hata siku moja, ni Kiswahili chako tu kilichokupa cheo, maana huku kwetu wengi hukiona lugha ya wanajeshi. Ulicheka, hukutamka.

Ya pili hukufika kuisema. Moyo wako ulisimama kabla hatujasafiri.

Tulipotoka makaburini Budondo, baba mdogo akaanza: "Hii kazi imekufa na mwenyewe. Tuuze vyuma tu." Nilifunga impela kwenye gunia nikapanda basi la Mbale, njia ya Nakaloke, nimeipakata mpaka miguu ikafa ganzi.

Baba, ilitetemeka. Huko Nakaloke tulifunga kila kitu, wakawasha, pampu ikaruka mpaka mabomba yakalia. Fundi wao, Masaba, akaniambia taratibu, "Mzee alikuwa amechoka, madamu. Mkono yake iliisha." Upole wake ndio ulioniuma. Watu walikuwa wamesimama na madumu matupu, wote wamesikia. Ningerudi na gunia lile, baba mdogo angeuza karakana, na Nakaloke wangekukumbuka kama mzee aliyeharibu kazi yake ya mwisho. Nilikasirika. Nilikukasirikia hata wewe, kwa kunifia katikati ya neno.

Nikasema wazime. Nikaanza upya kwa njia yako: kila kinachozunguka kipimwe. Unakumbuka mtaa mzima ulivyokutania kwamba unauza boliti kwa kilo, kwa vile ulivyozipanga kwenye mizani ya sukari? Nami niliazima mizani kwa mama anayeuza mukene, wale dagaa wa ziwani, pale barabarani, akanipa huku akiniangalia kama mwendawazimu. Nikafungua boliti za kapulingi, kile kiungo cha mota na pampu, nikazilinganisha. Zote zilikubaliana isipokuwa moja. Masaba alikuwa amepoteza boliti moja, akaweka ndefu, akairundikia washa, vile vipete bapa vya chuma, ili ikaze. Ukiishika mkononi huoni tofauti. Ikizunguka kwa kasi ile, inatikisa nyumba.

Si impela. Si mkono wako. Si wewe, Baba. Nilisema hivyo mara nyingi nadhani, maana yule mama wa mukene alikuja kunishika bega.

Masaba hakubisha. Alikwenda mwenyewe Mbale mjini akaleta boliti ya urefu wake, tukaipima kwanza, tukafunga, tukawasha. Niliweka kiganja. Ndani maji yanapita, juu kimya. Sikutaka kulia kabla ya kumaliza kazi. Nikasema kwa sauti, wenye madumu wote wasikie: "Sawa."

Masaba akavua kofia.

Baba mdogo nimemwambia reli haziuzwi. Amenuna. Anune. Jana aliletewa kiti karakanani, akakaa akiangalia nikisaga, na kabla ya kuondoka akauliza kama kuna chai.

Mola akulaze pema, Afande wangu. Kila impela itakayopita kwenye reli zako nitaisindikiza mpaka iwashwe, iwe hapa Jinja au mbali nyuma ya milima. Nitaigusa kwanza. Nikiondoka kwa mteja, neno lako litakuwa limekamilika.

Binti yako,
Zaituni