Kitanda Ndani ya Haisi

Jumatatu, 1 Julai

Viti vyote vya abiria vimetoka. Kumi na vinne. Boliti za nyuma zilikuwa zimeshikana na kutu, nimezimaliza na grainda. Mimi na shemeji Elia tumelala chali kwenye sakafu ya gari kutwa nzima kama mafundi wa ndege. Chini ya kiti cha mwisho tumeokota kitana, soksi ya mtoto na jino. Shemeji anasema hakumbuki abiria aliyeshuka bila jino.

Daftari hili kanipa Fundi Salum, mwenye yadi ya kuchomelea hapa Chang'ombe, Dodoma. Niandike vipimo, kwa sababu mwezi uliopita nilikata geti la mtu likawa fupi. Sawa. Lakini vipimo vitupu vinachosha. Nitaandika na mambo yangu.

Ndani, nyuma ya kiti cha dereva: urefu futi tisa na nusu, upana futi tano, kimo futi nne na ushee.

Jumanne, 2 Julai

Niandike na kazi yenyewe, nikifa wasije wakasema gari niliiba.

Haisi ni ya shemeji Elia, mume wa dada yangu Rehema. Ilikuwa daladala. Mwaka huu kaambiwa imezeeka, isibebe abiria tena. Injini bado nzima. Mama anapikia wapakiaji wa mahindi kule Kibaigwa, na msimu ndio huu, malori yamejipanga mpaka barabarani. Jumatatu anakwenda, Alhamisi anarudi. Siku zote hizo analala juu ya magunia nyuma ya kibanda, na upepo wa Julai hauna adabu. Kifua kimemkamata. Nesi kamwambia bila kupepesa: ukiendelea kulala nje, kazi utaiacha, utake usitake.

Gesti zimejaa madalali. Halafu Mama halalii shuka la mtu asiyemjua.

Mama bila kazi simwezi. Hakuna anayemweza.

Kwa hiyo gari linakuwa nyumba. Wazo ni langu. Nimeona kwenye simu Wazungu wanalala garini, wanapika humo humo, mpaka mbwa ana kitanda chake. Shemeji ataendesha, atabeba maji na mkaa. Mimi leseni sina. Nimemwambia Mama wiki mbili tu. Kaniuliza kama nimewahi kutengeneza kitu kama hicho. Nikamjibu sijawahi kushindwa. Sicho alichouliza, najua.

Alhamisi, 4 Julai

Sakafu tayari. Plaiwudi juu, sponji ya magodoro ya zamani chini, baridi isipande. Kuta nazo nimezijaza sponji. Ukigonga, gari halilii tena kama debe.

Yadi nzima wananiita Injinia. Nilianza kujiita mwenyewe, lakini sasa wameitikia. Kidato cha pili nilichoishia shuleni kimetosha.

Jumamosi, 6 Julai

Jiko. Mlango wa nyuma unainuka, unakuwa kivuli. Chini yake droo ya chuma, unaivuta inatoka na jiko la mkaa juu yake, huko nje, moshi usiingie ndani. Hii sikuona kwenye simu. Nimeitoa kichwani mwangu. Fundi Salum kaivuta, kairudisha, kaivuta tena. Hakusema kitu. Kwa Fundi Salum hiyo ni tuzo.

Nimejikata kidole. Kidogo.

Jumatatu, 8 Julai

Mama kaenda Kibaigwa kwa basi na mabunda yake, anakohoa. Kabla hajatoka nimempima, kasimama mlangoni. Futi tano na inchi mbili. Kaniuliza kama ni ya jeneza.

Kitanda: urefu futi sita, upana mbili na nusu, upande wa kulia. Chini yake sanduku la sufuria. Nimekilalia mwenyewe, nimekirukia. Kimetulia.

Shemeji kanishangaza. Asubuhi alikuwa ndani ananishikia mbao vizuri tu. Nilipotandika godoro la Mama na lile blanketi lake jekundu, katoka. Tangu hapo ananipitishia misumari dirishani, kama mtu aliyekuja kumwona mfungwa. Nikamwambia, "Shem, ingia, mbao haziumi." Kasema anaumwa mgongo. Uvivu tu huo. Mtu aliyezoea kukaa anaendesha.

Jumatano, 10 Julai

Leo nimejizidi. Kinyozi wa jirani anafunga saluni, kaniachia kioo kirefu. Nimekichomelea fremu juu ya kichwa cha dereva, kimeinama kidogo. Dereva akiinua macho anaona kitanda chote, kuanzia mto mpaka miguuni. Mama akibanwa na kifua njiani, shemeji anamwona hapo hapo.

Nimemwita akae kwenye usukani ajaribu. Kakaa, kainua macho, kashuka. Kasema jua linampiga. Jua lilikuwa nyuma ya gari.

Sijui Rehema alimpendea nini.

Ijumaa, 12 Julai

Rangi. Kijani chini, maziwa juu. Rehema kashona mapazia ya kitenge nyumbani kwake, kayatuma. Yeye hajafika yadini, mtoto ana surua. Kati ya viti vya mbele na chumba nimeacha wazi kabisa, mtu apite bila kushuka. Hewa inazunguka.

Nimejipiga picha nne mlangoni. Moja nimekunja mikono.

Jumamosi, 13 Julai

Nimemleta Mama alione. Majirani wamejaa, mafundi wameacha kazi. Nikafungua mlango wa pembeni kama mtu anayefungua benki.

Mama kaangalia. Kitanda, mapazia, droo. Halafu kioo. Kwenye kioo kakaa muda.

"Umefanya kazi, baba."

"Ingia basi, Mama."

"Miguu yangu ina vumbi."

"Vua viatu."

"Nitaingia siku nyingine."

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nikamtafuta shemeji apige honi kidogo, tuchangamke. Alikuwa ng'ambo ya barabara ananunua vocha. Vocha gani ya nusu saa.

Jumapili, 14 Julai

Nimempelekea shemeji funguo. Kesho ni safari. Hakunyoosha mkono. Kasema, "Weka hapo mezani." Nikaweka. Jioni nimepita, ziko pale pale, mtoto anazichezea.

Jumatatu, 15 Julai

Mama kapanda basi. Na sufuria zake, na kifua chake. Gari liko nje linang'aa, limejaa maji na mkaa.

Wote washamba. Naandika hapa kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapigwa. Nimemaliza wiki mbili mgongo umekauka, nimejenga kitu ambacho hakipo Dodoma nzima, na mtu anachagua magunia. Nimeumia. Basi.

Alhamisi, 18 Julai

Mama karudi hana sauti. Kutoka kituoni mpaka nyumbani kapumzika mara tatu. Nesi kamsikiliza kifua, kamvulia miwani: wiki ijayo magunia hapana. Ama sehemu yenye kuta, ama nyumbani.

Sasa hivi kakaa uani anachambua mchele. Mchele huo aliuchambua Jumapili kabla ya safari. Hauna hata jiwe moja. Anaumwaga, anaurudia.

Nimeogopa.

Ijumaa, 19 Julai

Nimekwenda kwa Rehema kugomba. Nikamwambia mumeo mvivu na mama yako mkaidi, watamuua mtu. Kanisikiliza mpaka mwisho, mtoto begani. Halafu kaniuliza kama kweli sijui au nafanya makusudi.

"Nijue nini?"

"We mtoto. Mama ni mkwe wake."

"Sasa?"

"Sasa umetandika kitanda cha mkwe wake, umemwambia aingie, halafu ukamtundikia kioo amwangalie amelala!"

Nilikaa chini. Kwenye ndoo.

Kwetu Wagogo, hivyo ndivyo. Mkwe haingii anapolala mama mkwe. Hakai kwenye kitanda chake, hakiangalii. Hata kukitaja ni aibu, ndiyo maana shemeji alisema mgongo, akasema jua. Siku zote gari lile kampakia Mama bila shida. Rehema kanieleza kama anaelekeza mtoto wa chekechea: likiwa na viti ni gari, likiwa na kitanda ni chumba. Na ile nafasi niliyoacha wazi katikati, niliyojisifia hewa, ndiyo imefanya hata kiti cha dereva kiwe chumbani kwa Mama.

Mimi mke sina. Baba alikufa nikiwa mdogo, sikumwona akimkwepa bibi mzaa mama. Ningejuaje? Lakini ningeuliza. Kuuliza sikuuliza mtu hata mmoja, kwa sababu Injinia haulizi.

Rehema kacheka mpaka mtoto kaamka.

Jumamosi, 20 Julai

Kioo nimekitoa. Sikutaka mtu aone, lakini yadi ina macho.

Shemeji kapita asubuhi. Nikamwambia nisamehe. Kaniuliza kwa lipi. Nikasema kwa lile. Akasema hajui lipi, akanipa muwa. Tumekula muwa. Huyu mtu nimemwita mvivu wiki mbili nzima, kumbe alikuwa ananipitishia misumari dirishani huku anamlindia Mama heshima.

Mtu mzuri. Basi nimeandika.

Jumatatu, 22 Julai

Mama hakwenda Kibaigwa. Wapakiaji wamempigia simu, wanauliza watakula wapi. Kawajibu kwa kunong'ona, sauti haijarudi vizuri.

Nimekwenda kwake na mawazo matatu. La kwanza, shemeji alale kwenye hema juu ya gari, kwenye kerea. Mama kaweka ungo chini.

"Mkwe wangu alale juu ya kichwa changu?"

La pili na la tatu sikuyatoa.

Nikamuuliza tu, kwa heshima, zamani walifanyaje. Nadhani ni mara ya kwanza kumuuliza kitu na nikanyamaza. Kaanza na tembe la babu kule Kongwa. Paa la udongo, bapa, refu, linazunguka zizi. Mle ndani wake wawili, vijana, ndama, na wakwe wakija kutembea. Wote chini ya paa hilo.

"Paa moja?" nikamuuliza.

"Moja."

"Na hamkuoneana aibu?"

"Aibu ya nini? Kila chumba na mlango wake. Ukuta mpaka juu."

Nilitoka mbio, viatu nimeviacha kwake.

Jumanne, 23 Julai

Ukuta. Mara tu nyuma ya viti vya mbele, kuanzia sakafuni mpaka darini. Plaiwudi mbili, katikati sponji. Hauna dirisha wala tundu. Nyuma nako, juu ya droo ya jiko, nimeziba kwa plaiwudi, mlango ukiinuka ndani pasionekane. Shemeji na milango yake ya mbele, Mama na wake wa pembeni. Hewa ya Mama itapita dirishani kwake. Shemeji atalala kwenye viti vya mbele, miguu nje akipenda.

Gari lisiwe bubu: Mama akitaka kitu atagonga ukuta kwa upawa. Mara moja, simama. Mara mbili, twende.

Shemeji kashika plaiwudi upande wa mbele, mimi nimepiga misumari kutoka chumbani. Hatukuonana. Tulikuwa tunaelewana kuliko siku zote.

Jumatano, 24 Julai

Mama kaja kukagua. Safari hii sikuita majirani.

Kasimama mlangoni, kanyoosha mkono, kapitisha vidole pale ukuta unapokutana na dari, kutoka kulia kwenda kushoto. Karibu na kona vikasimama. Upenyo, unaingia kidole gumba.

"Na hapa?"

Nikauziba mbele yake. Kapitisha tena vidole. Havikusimama. Shemeji alikuwa upande wa pili anakagua tairi ambalo halina tatizo.

Mama akavua viatu, akavipanga, akaingia. Akakaa kitandani. Akalibonyeza godoro mara mbili. Kioo cha kinyozi nimekiweka kwake, ukutani, cha kufungia kilemba. Akajitazama.

"Kiko juu kidogo hiki," akasema.

Nimemwambia nitakishusha. Huyo ndiye Mama yangu, amepona nusu.

Jumanne, 30 Julai. Kibaigwa

Tumefika jana. Nimekuja nao, lazima mtu wa kuingiza magunia ya mchele chumbani, na shemeji si yeye. Njiani Mama aligonga mara moja tu, kununua nyanya.

Nimelala kwenye viti vya mbele na shemeji. Mzungu gani wa kwenye simu angeweza. Kiwiko chake kimeacha alama ubavuni mwangu.

Asubuhi jua limeshatoka, wapakiaji wanazunguka na vikombe vyao, wanauliza Mama yuko wapi. Mama huwa wa kwanza kuamka sokoni pote. Shemeji kaniangalia. Yeye hawezi kwenda kubisha mlango ule. Mimi naweza, sikubisha.

Nimevuta droo ya jiko polepole isilie. Nimewasha mkaa. Shemeji kaleta ndoo ya maji, kaiweka mbali kidogo na mlango, akiwa ameupa mgongo. Tumebandika uji. Mmoja wa wapakiaji kapaza sauti, shemeji kajiwekea kidole mdomoni, anyamaze.

Uji ulikuwa unaanza kutokota tuliposikia upawa ukutani. Mara mbili.

Shemeji kazunguka, kapanda kwenye usukani, kawasha injini, kaiacha ingurume kidogo, kazima. Ndani Mama kacheka. Hakukohoa.

Ukuta: upana futi tano. Kimo: mpaka juu.