Byamungu Yuko Mara Mbili

Jumamosi, Kasulu. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata bango la duka la jirani sikuliona, na baridi ilikuwa ile ya kwetu, ya kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nimefungua steshenari saa moja, nikaweka kiti mlangoni ili wateja wajue leo sitoi kopi, nikawasha kompyuta. Leo nahamisha. Nimeahirisha wiki tatu na nimechoka kujidanganya.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mtoto wa Busunzu, Kibondo. Nauza karatasi na kuchapa barua za watu hapa mjini Kasulu, na pembeni naendesha tovuti ndogo ya watu wanaotafutana. Niliianza wakati nafundisha kompyuta kambini Nyarugusu. Wakongo waliokimbia vita walipotezana njiani, mama huku, mtoto kule, na kila Jumapili baada ya ibada muuza maandazi mmoja, Mama Furaha, alikuwa akiandika majina ya waliopotea kwenye daftari la shule. Daftari lilipolowa mvua nikamwambia nitamtengenezea jingine lisilolowa. Ndiyo hiyo tovuti.

Unaandika jina la unayemtafuta, jina la baba yake, kijiji alikotoka, alionekana wapi mara ya mwisho, alivaa nguo ya rangi gani, kisha jina lako na namba yako ya simu. Anayetaka kupatikana naye anajiandikisha upande wa pili, na mashine inalinganisha pande hizo mbili. Waliokutana nawahesabu kwa vidole, lakini wapo.

Majina hayo hayakai kwenye kompyuta yangu. Yanakaa kwenye hifadhidata ya kampuni moja ya nje, kwa akaunti ya bure. Mwezi uliopita wakatuma barua pepe: akaunti za bure zinafungwa, mwisho ni Jumanne. Asiyehama, data zake zinafutwa.

Zinafutwa. Nililisoma hilo neno mara nne.

Deo, rafiki yangu wa Kibondo niliyesoma naye chuo, ndiye aliyenitafutia kampuni nyingine. Nafasi yao ya bure ni ndogo kuliko ya zamani, kwa hiyo akanisisitizia nisafishe kwanza. "Nani anahama na takataka?" alisema kwenye simu. Akanishauri niweke sharti: jina likishaingia pamoja na jina la baba na kijiji, lisiingie tena, mashine ilikatae yenyewe. Niliona ni akili sana. Tovuti yangu niliijenga haraka haraka, haikuwa na sharti lolote. Hata ungeandika jina lilelile mara kumi, ingepokea tu.

Saa tatu, kabla sijapakia chochote, umeme ukakatika. Mzee Hamisi, jirani yangu mwenye duka la vitenge, akanipitishia waya kutoka kwenye betri yake ya sola. Mzee huyu kwao ni Tanga, na siku haimwishii bila kumtania mtu. Aliponiona nimekodoa macho akauliza kule kuhama nilikomwambia ni lini. Nikamwambia ndiyo nahama hivi. Akachungulia nyuma yangu, akatazama na barabarani.

"Binti yangu, kuhama gani huku, hata godoro silioni?"

Nilicheka. Nilikuwa nahitaji kucheka.

Saa nne majina yakaanza kuingia kwenye makao mapya. Yaliyokataliwa yakajipanga kwenye orodha yake, kwa herufi, kila moja chini ya lile lililokubaliwa. Nikaifungua, nikaanza kufuta.

Hapa naandika kitu ambacho sikipendi. Nilikuwa nafuta bila kusoma.

Ya mwanzo mwanzo niliyasoma. Yalikuwa kama nilivyotegemea: mtandao ukiwa mzito mtu anabonyeza, anaona kimya, anabonyeza tena. Namba ya simu ileile, dakika ileile. Baada ya hapo mkono ukazoea. Jina, futa. Jina, futa. Nikajiona mchapakazi kweli kweli.

Nilipofika kwa Byamungu mkono ukasita, kwa sababu namba ya simu ya kwanza kwenye jina hilo naijua kichwani. Ni ya Mama Furaha. Byamungu ni mwanawe wa pili, na ndilo jina la kwanza kabisa kuingia kwenye tovuti hii. Nililiandika kwa mkono wangu, mama mwenyewe kakaa pembeni yangu. Alimwona mara ya mwisho siku ya kukimbia, miaka sita iliyopita.

Mstari wa pili, ule uliokataliwa, ulikuwa na jina hilohilo, baba huyohuyo, kijiji hichohicho. Lakini namba ya simu ilikuwa nyingine. Aliyeandika anaitwa Mapendo, na aliandika miaka miwili iliyopita. Kwenye mara ya mwisho hakuandika siku ya kukimbia. Aliandika siku nyingine, miaka mitatu baadaye.

Maana yake kuna mtu alimwona Byamungu akiwa hai, miaka mitatu baada ya mama yake kumwona.

Nikaegemea kiti. Miaka miwili mistari hii imekaa kwenye hifadhidata moja, na mwenye ufunguo ni mimi. Mashine yangu inamlinganisha anayetafuta na anayetafutwa. Haijawahi kumlinganisha anayetafuta na mtafutaji mwenzake. Sikuwaza kwamba watu wawili wanaomtafuta mtu mmoja wanaweza kuwa ndugu wasiojuana. Na ile fomu yangu, inayouliza mpaka rangi ya nguo, haijawahi kuuliza: wewe ni nani kwake?

Niliona aibu. Ile aibu ya kutamani kufunga kompyuta, nirudi kuuza kalamu na bahasha, mengine niwaachie wanaoyajua.

Sikufunga. Nilikunywa maji, nikampigia Mapendo.

Nilijitambulisha, nikamwambia mapema kabisa kwamba Byamungu sijampata, asije akajipa matumaini bure. Kisha nikamuuliza ni nani kwake. "Ni bwana yangu," akasema. Walioana kulekule Kongo, baada ya mwanamume kupotezana na watu wake. Mtoto wao alipozaliwa tu, mume akaaga kwamba anakwenda kumtafuta mama yake, wiki mbili atakuwa amerudi. Hakurudi. Vita vikawafikia, Mapendo akakimbia na kichanga. Nikamuuliza huyo mama mkwe anaitwa nani. Akasema hajawahi kumwona, ila anaitwa Riziki, na mtoto wao wa kike wamempa jina hilo.

Mama Furaha, jina lake mwenyewe ni Riziki.

Nikamuuliza yuko wapi sasa. Nilitegemea aseme Uvira, au Bujumbura. "Niko hapa Nyarugusu," akasema, akanitajia na zoni yake ya kambi. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu mpaka kwa Mama Furaha. Huenda ameshakula maandazi yake. Nikamwomba ruhusa nimpe mama namba yake ya simu. Akalia kwanza, nikamsubiri, kisha akasema, "Mupatie. Mupatie, mwalimu."

Simu ya Mama Furaha ilikuwa ngumu zaidi. Kuna sehemu nilitaka kuificha, ile ya kwamba kijana alipotea akiwa njiani kumtafuta yeye. Nikasema hapana, leo nimeshafuta vya kutosha. Nikamweleza yote kwa mpangilio. Nyuma yake nilisikia mafuta yakichemka kwenye karai.

"Ule mutoto iko na miaka ngapi?"

Nikamwambia mitatu. Akauliza zoni, nikamtajia. Simu ikakatika bila kwaheri.

Mimi nikarudi kwenye kazi, na sasa nilikuwa na hasira nzuri, ile ya kufanya kitu. Namshukuru Mungu jana nilichukua nakala ya kila kitu. Nikarudisha majina yote niliyoyafuta asubuhi. Nikaondoa lile sharti. Deo nilipomwambia aling'aka kwamba nafasi haitatosha, nikamwambia itatosha, maana nimeona cha kutupa: kumbukumbu za kila aliyefungua ukurasa, saa na dakika, ambazo nimezirundika miaka yote bila mtu kuzisoma. Hizo ndizo takataka. Mwishowe akasema sawa, anisaidie kuandika programu ya kuwalinganisha watafutaji wenyewe kwa wenyewe. Ila nimemwambia mashine isifute kitu. Inionyeshe tu, nisome mimi.

Saa tisa Mama Furaha akapiga. Nyuma yake palikuwa na kelele za wanawake na katoto kanakoomba maji. Hakusema kalikuwa ka nani, nami sikuuliza. Nikamweleza kwamba nataka kuweka mambo sawa: huku kwenye makao mapya nitaunganisha mistari yao miwili iwe mmoja, wenye namba mbili za simu.

"Hapana, mwalimu. Usitufanye mumoja. Acha ikuwe mbili. Siku Byamungu atafungua, aone tuko babili benye tunamutafuta."

Wawili wanaomtafuta. Nikasema sawa mama, mara tatu hivi.

Mistari imeingia yote miwili, mmoja chini ya mwenzake. Fomu mpya inauliza wewe ni nani kwake. Kwenye mmoja nimejaza mama, kwenye mwingine mke.

Nafunga duka nikiwa nimemaliza herufi B. Kesho nikitoka kanisani naanza na C. Nina mpaka Jumanne, na nitasoma kila jina.