Jibu Langu Kuhusu Ng'ombe wa Kitovu

Kampala

Aabo, baba yangu,

Salaam aleikum, wewe na wote mlio hapo kambini. Nimesikia homa imekuachia, alhamdulillahi. Mimi ni mzima, ila chakula cha hapa ni ndizi, ndizi, na kesho ndizi. Dada yangu Halima, wewe unayemsomea mzee, soma polepole, na usiruke mstari hata mmoja kwa kumwonea huruma.

Aabo, ujumbe wako umenifikia. Unasema ng'ombe wetu wamekwisha ndani ya hiyo seng'enge mliyozungushiwa na askari, kwa kukosa malisho. Amebaki mmoja na ndama wake, handura yangu, wa uzao wa yule uliyenipa siku kitovu changu kilipokatwa. Unataka nirudi nimshike, maana mwanamume haachi handura yake mikononi mwa watu. Nililia, sikufichi.

Lakini usidhani nakaa bure huku. Nasoma hesabu ya fanksheni zisizo na mahali pabaya popote, kama uwanda ambao ungeswaga mifugo upande wowote usikute shimo wala kizuizi cha askari. Juzi mwalimu akaniuliza mbele ya wote: fanksheni hii inafika sifuri mara ngapi? Mdomo ukanitangulia: "Ziko za kutosha, tunamshukuru Mungu." Kama vile mgeni ameniuliza idadi ya ng'ombe wetu, ambayo kwetu haitajwi! Darasa zima likaangua kicheko. Na wallahi, sifuri zenyewe hazina mwisho. Mpaka leo mwalimu akiniona ananitania.

Wiki hiyo hiyo tukathibitisha jambo lililoniuma. Fanksheni ya aina hii ukiizungushia ua, isiweze kukua kupita kiasi fulani, basi haisogei kabisa. Inabaki namba ileile kila mahali. Wenzangu waliandika wakaendelea. Mimi niliwawaza nyinyi mkiomba ruhusa ya kwenda kisimani, nikafunga kitabu nikatoka nje. Kisha nikarudi na hasira zangu, nikaumaliza uthibitisho ule bila kutazama kitabu.

Mtihani wa somo hili ndio utakaoamua kama nitabaki chuoni. Nikiondoka sasa, nafasi yangu atapewa mwingine, na hakuna atakayenirudishia. Kwa hiyo sirudi, Aabo. Nikasirikie, lakini sirudi mpaka nimalize.

Nisalimie mama yangu, Aayo, mwambie shuka lake lanitosha kwa baridi ya huku. Nisalimie mjomba wa kule Sericho, na mama mdogo mwenye kelele zake.

Sasa handura. Askari walimdhania mume wa Halima kuwa mwasi, shifta, wakamchukua, hajarudi, na watoto wake wanalala njaa. Mtoto wa kike hapewi handura ya kaka yake, najua, na wazee watasema nimejikata kitovu mara ya pili. Waseme! Ng'ombe ni wa Halima, yeye na ndama, na wote watakaozaliwa.

Halima, najua hapo umeshusha sauti. Usishushe. Rudia, kwa sauti, na majirani wasikie.

Ni mimi mwanao,
Guyo