Roketi Niliyochomelea Katwe

Jumatatu, 6 Machi 2023

Kazi mpya hapa karakanani kwangu, Katwe. Heritier amekuja na gari jeupe. Mtoto wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, kama mimi, siku hizi ana kampuni ya safari za anga, ofisi Bugolobi. Anataka roketi. Nikamwambia mimi natengeneza mageti. Akasema ndiyo maana amekuja kwangu — isiruke, isimame tu wima, ipigwe picha. Mita sita, nyeupe, jina la kampuni lionekane toka barabarani. Nimekubali. Geti nalo haliruki.

Alhamisi, 9 Machi

Mapipa saba ya mafuta nimeyaunga, juu koni ya bati. Wapita njia wanauliza tangi la maji la nani. Heritier akaja, akaipapasa, machozi yakamlenga. Eti sasa kampuni ina teknolojia. Kaniletea koti jeupe. Siku ya wageni mimi ni Dokta Kasereka, mhandisi mkuu. Shule niliishia la sita. Nilicheka sana. Koti nikalipokea.

Jumanne, 14 Machi

Jirani yangu Filda, yule polisi, kaja na binti yake Ayot. Ayot anasomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Kumbe kampuni imemchagua! Watamfundisha urubani wa anga, Bugolobi, ghorofa ya pili. Ila aache chuo kwanza. Kusaini mkataba ni Ijumaa. Filda akasema hao wenye tai yeye hawaamini, lakini aliposikia fundi ni mimi, moyo ukatulia.

Nilitaka kusema. Nikasema chai imepoa.

Walipoondoka nikamfuata Heritier, nikamwambia: huyu binti mwache. Akajibu hakuna anayedanganywa, kwenye kila karatasi wameandika "siku zijazo".

Ijumaa, 17 Machi

Naandika nikiwa nimejibanza nyuma ya roketi. Wageni wamejaa, hata keki ina umbo la roketi. Imesimama vizuri, sikatai. Heritier anawaambia miaka minne tu, tuko mwezini. Wanapiga makofi.

Ayot yuko mstari wa mbele, gauni jipya. Jana alirudisha sare chuoni. Karatasi ya mkataba iko mapajani pake. Filda kaniona, kanipungia mkono.

Sasa wanamwita Dokta Kasereka aje aonyeshe injini iko wapi. Koti nimelivua, nimelitundika kwenye bawa la roketi. Wanaita mara ya pili. Natoka na ovaroli yangu, nikaseme injini haipo. Ayot ameshafungua kalamu —