Jiko Langu na Domo la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimefunga jiko la kuni sebuleni. Mwenyewe! La chuma, zito kama ng'ombe aliyelala. Bomba la moshi limetoboa dari na bati. Pembeni nimeziba kwa magunia, mvua isipenye. Kazi safi! Alhamisi binti yangu analeta kichanga chake, mjukuu wangu wa kwanza, na baridi hii haina adabu. Mama watoto kauliza kwa nini nisimwite kaka yake, fundi wa majiko. Nikamwambia fundi ndiye huyu unayemtazama.

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kaja bila kuitwa. Kanywa chai yangu, kisha kacheka bomba langu. Eti limegusa mbao za dari, zitakauka mpaka ziwake. Magunia ndiyo kabisa! Eti na juu ni fupi, lipite mgongo wa paa, la sivyo upepo utarudisha moshi. Nikamwambia, shemeji, mbona wewe mfupi na upepo haujakurudisha kwenu? Mama watoto kacheka hadi kamwaga chai. Mlangoni shemeji kasema mtoto akilala humu, yeye hatalala.
Wivu.

Jumatano, 5 Juni
Nimewasha. Moto safi — upepo ukageuka, moshi wote ndani! Mama watoto kakimbilia uani, anakohoa na kunitukana kwa zamu. Nimesema kuni mbichi. Kuni ni kavu.
Binti kapiga simu. Mjomba wake asipolipitisha jiko, watalala kwa mjomba. Kwa mjomba! Nimesusa chakula.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi nimewasha tena, nimkomeshe mtu. Kukazuka harufu ya kuungua. Nikapanda kiti, nikagusa dari — lo! Nikamwaga ndoo nzima ya maji ndani ya jiko, majivu hadi kwenye ndevu.
Nikampigia shemeji, aje anywe chai. Kauliza, chai tu? Nikasema aje na ngazi.
Kayachomoa magunia. Meusi tii, yanafuka. Hakucheka. Afadhali angecheka! Kasema leo leo atakata mbao na kurefusha bomba, mtoto alale hapa, ila nishike ngazi.
Gari limefika. Namsikia binti sebuleni, anauliza dari imefanywa nini. Shemeji kamjibu, subiri, mwenye kazi atakueleza mwenyewe.
Mimi niko chumbani, eti natafuta miwani. Nimeivaa. Mama watoto anagonga — baba watoto, toka, mtoto kaamka, na kaka ananing'inia juu ya ngazi peke yake!