Asome Baba Peke Yake

4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi sijambo, isipokuwa mdomo, na huo ndio umenifanya nishike kalamu.

Nimefungwa nyaya za meno. Tafadhali usishtuke. Unakumbuka meno yangu ya chini yalivyobanana, na nilivyokuwa najing'ata shavu nikila. Daktari wa meno wa hapa anasema yasipopangwa nitaanza kuyapoteza, maana mswaki haufiki yanapopandana. Amebandika kijichuma kidogo juu ya kila jino, kisha akapitisha waya mmoja kutoka upande huu hadi ule, kama wewe unavyopitisha uzi wa kushikiza kabla hujashona. Kila mwezi nitarudi aukaze. Anasema inaweza kuchukua miaka miwili. Vitu vigumu sitafuni, na kila nikimaliza kula lazima nipige mswaki papo hapo, la sivyo meno yataoza chini ya vyuma.

Siku za kwanza niliumwa, hata mkate nikawa naula kwa kuuloweka kwenye chai. Waya ukinichoma shavu, nabandika kipande cha nta alichonipa, maumivu yanatulia.

Ningepiga simu ya dukani, lakini sasa nikiongea ulimi unateleza, na kila anayenunua sabuni pale angenisikia. Afadhali tuandikiane. Naomba usimwambie mtu.

Mwanao,
Karani

19 Februari

Karani wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Habari za meno nimezipata. Mama wa dukani anasema mpwa wake aliwahi kufungwa nyaya hizo, na uji ndio uliomwokoa. Kwa hiyo kunywa uji. Anasema pia usitafune barafu, na usikose hata mwezi mmoja kwenda kukazwa, maana ukikosa meno yanakaa tu yanakutazama. Kinyozi naye kauliza sasa ukicheka unashika stesheni gani. Nikamwambia, "Mwanangu hacheki ovyo, ila akiona watu wanaonyolewa na wewe."

Ningejua mapema ningekupeleka ungali mdogo. Mimi nilidhani meno huota yanavyotaka, mzazi kazi yake ni kuyalisha tu.

Mashati nimeyaacha kwa sasa. Nashona mapazia. Yana mistari mirefu, hayana maneno mengi.

Kula vizuri.

Baba yako

11 Mei
(Juu ya bahasha: Asome Baba peke yake)

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Na mgongo? Mimi naendelea.

Samahani kwa kukawia. Barua yako niliifurahia sana, ila ilinitia aibu pia. Nilikuomba usimwambie mtu, na sasa Mama wa dukani anajua, kinyozi anajua, basi mtaa mzima unajua. Sikulaumu, Baba. Lakini safari hii nimeandika juu ya bahasha, na ninakuomba ulishike hilo, kwa sababu ninachouliza ni chetu wawili.

Nimeona pia herufi zako zimekatwa mikia. Kila y na kila j imekaa kama imekalia ukuta. Unaandika kwa haraka? Kazi zimekuzidi?

Bado nipo ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Watu wanasema nami kupitia tundu la kwenye kioo, na mimi siku hizi nawaitikia kwa kichwa ili nisifungue mdomo. Juzi bwana mmoja ambaye bomba lake limekauka aliniambia, "Binti, nimekuja kusema na mtu, naona nasema na mjusi." Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakacheka. Nikaandika malalamiko yake vizuri kabisa, kila kitu, nikamwitikia kwa kichwa tena.

Wenzangu wananiita Bi Kufuli. Si kwa ubaya, nadhani. Mchana wanakula pamoja kwenye ile meza ya nyuma, lakini mimi nachelewa kutafuna, kisha lazima nikimbilie sinki na mswaki, na mhasibu hapendi kuona mtu anasukutua wakati yeye anakula. Mwanzoni walikuwa wananibakizia kiti. Sasa hawabakizi tena, na mimi nakula nikiwa nimesimama karibu na makabati.

Sasa swali lenyewe. Daktari anasema meno ya chini yanakwenda vizuri. Halafu akanionyesha mwanya wangu wa juu kwenye kioo. "Huu nao? Wapo wanaokuja kwangu niwafungie, na wapo wanaolia wakishaona umefungwa. Mwezi ujao naweka kamba ya raba ya kuvuta meno. Kamba haichagui, ikivuta inavuta yote. Ukitaka mwanya ubaki, niambie kabla sijaiweka."

Nikasema nitamuuliza baba. Akanitazama. "Kwani una umri gani?"

Baba, mwanya huu ni wa Mama. Kwenye picha zote mbili tulizonazo amefunga mdomo, kwa hiyo haupo mahali pengine ila kwangu. Lakini mhasibu anasema meno yakishikana nitaonekana mtu wa ofisini, na huenda wakanitoa dirishani. Nikilala naona hivi, nikiamka naona vile. Naogopa kufanya jambo lisilorudishika, kisha uje uone mwanya umeondoka bila wewe kuulizwa.

Sema neno moja tu. Nifunge au niache. Utakachosema nitakifanya.

Mwanao,
Karani

2 Septemba
(Kadi, bila bahasha)

Baba, shikamoo. Nimekukosea nini? Likizo yangu imekwisha. Nimeimalizia humu chumbani, sikuja, kwa sababu sikujua kama unataka kuniona. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

20 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikosea kitu.

Kadi yako kanisomea Mama wa dukani. Alipomaliza akanigombeza mbele ya wateja: "Mtoto analia kwenye kadi, wewe umekaa unakata mapazia?"

Mwanangu, macho yangu hayasomi tena. Tangu mwaka jana. Ni mtoto wa jicho, kote kuwili. Mtu akinijia naona ni mtu, lakini ni mtu gani, sijui. Uzi kwenye sindano napitishiwa na wapita njia. Kuandika naandika kwa sababu mkono unaijua njia, na chini ya kila mstari naweka ile rula yangu ya mbao nisije nikapanda juu ya mstari mwingine. Rula ndiyo inayokata mikia. Sikukuambia kwa sababu nakujua, ungeacha kazi uje kunishika mkono.

Basi barua zako zote husomewa na Mama wa dukani. Ile ya mwezi wa tano aliigeuza, akanisomea maneno ya juu ya bahasha: Asome Baba peke yake. Akanirudishia mkononi. Akasema, "Fundi, hii sina ruhusa nayo." Nikaona ni kweli. Umeomba jambo moja dogo, na safari ya kwanza sikulitimiza. Nikaitia ndani ya foronya. Nikasema utakuja likizo, utanisomea mwenyewe. Chumba chako nilikifagia.

Bado ipo humo, haijafunguliwa. Nikigeuka usiku inalia chini ya sikio. Niifungue?

Baba yako

1 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Ifungue. Na wewe Mama wa dukani, kwa kuwa najua ni wewe unayesoma hapa, shikamoo. Nisamehe kwa maneno ya kwenye bahasha. Sikujua kwamba nilikuwa nimefunga mlango wenyewe.

Baba, ndani utakuta nakuuliza juu ya mwanya wangu, ufungwe au uachwe. Usihangaike kufikiri. Nimeshachelewa.

Nilisubiri jibu mpaka siku ya daktari. Njiani nilikuwa narudia maneno ya kumwambia: naomba unisubiri, baba hajajibu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, hata pa kuvuta pumzi nilipajua. Nilipokaa kwenye kile kiti akaniambia nifungue mdomo, akaingiza kioo, vidole, na kibomba cha kunyonya mate. Kisha akauliza, "Vipi, tuendelee?" Nikaitikia kwa kichwa. Ndivyo ninavyofanya siku nzima pale dirishani, Baba. Kichwa kilikwenda chenyewe. Kufika nyumbani nikajiambia, kama Baba angekuwa na neno angelisema. Kila nilipozidi kungoja nikaona umenyamaza kwa hasira, na kila mwezi nikarudi kukazwa, sikusema kitu.

Sasa mwanya umefungwa. Hata uzi haupiti. Dirishani bado nipo.

Na wewe ulikuwa umelalia swali langu.

Nimeuliza hospitali ya macho ya hapa. Wanasema mtoto wa jicho huondolewa, ila lazima wakuone kwanza. Nakuja kukuchukua. Usikatae.

Mwanao

16 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Imefunguliwa. Mama wa dukani alipofika kwenye mwanya aliniwekea barua magotini, ikabidi nimwambie aendelee.

Swali umeniuliza, basi nalijibu, ingawa limepita. Ningekuambia uache.

Si kwa sababu ya uzuri, ingawa ulikuwa mzuri. Ni mluzi. Mama yako alikuwa akiniita chakulani kwa kupiga mluzi kwenye mwanya ule. Nikiwa kwenye cherehani sisikii jina langu, sisikii mlango, lakini mluzi wake ulipita juu ya cherehani kama mkasi kwenye hariri. Wewe ulijifunza kabla hujajua kufunga viatu. Alipotutoka, siku ya kwanza niliyorudi kazini, mchana nikasikia mluzi. Nikasimama na nguo mkononi. Kumbe ni wewe, umepasha viporo.

Siku hizi watu wanafika getini wananisalimu, nami naitikia wote sawasawa, simjui nani ni nani. Nilikuwa nikijiambia, wewe sitakukosea, nitakujua kwa mluzi.

Usijilaumu. Meno ni yako, na daktari alikuuliza wewe.

Macho wacha wayatazame. Njoo.

Baba yako

28 Oktoba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo Mama wa dukani.

Jana nilikwenda kwa daktari. Safari hii sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, mkoba begani, kabla hajavaa glavu zake. Nilisema mwanya nautaka. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu waliokuwa wakingoja nje waliacha kuongea.

Hakukasirika. Alisema mwanya ndio wa kwanza kurudi meno yakiachiliwa, ndiyo maana nyaya zikitolewa kila mtu hupewa kifaa cha kuvaa usiku, na wengi hukisahau kwenye droo. Anaweza kuufungua tena na kuushikilia, ila polepole, miezi kadhaa, mizizi haikimbizwi. Kisha akaniambia, "Siku nyingine ukiwa kwenye kiti changu na una neno, inua mkono. Natoa vidole." Kumbe ilikuwa hivyo tu.

Nilirudi chumbani nikafunga dirisha ili majirani wasisikie, nikajaribu mluzi. Hapakuwa na cha kusikia. Ni hewa tu.

Ofisini wamenipa ruhusa. Ninafika Jumamosi mchana. Chumba usikifagie, usije ukajitia vumbi machoni. Ila cherehani naomba uiache kimya siku hiyo. Nitasimama getini nipige mluzi, najua hautatoka. Ukisikia mtu anapuliza hewa pale nje, haiti jina, hagongi, usimwitikie kama unavyowaitikia wote. Ni mimi. Nifungulie.

Mwanao