Prof Valentin Ananikumbuka

Kaka Issaka,

Amani ya Mungu ikufikie huko Kampala. Hapa Butembo tuko bazima. Mvua ilibomoa ukuta wa nyuma, lakini Mama ameanza tena kuuza samaki ya ziwani Kyavinyonge.

Uliniuliza habari ya bourse, ile pesa ya kwenda kusoma. Université ya Ubelgiji inataka barua ya mwalimu anayenijua vizuri. Mukubwa wa faculté aliniandikia mistari miwili tu, kwamba nilisoma na nikamaliza. Basi juzi nilienda Beni kwa Prof Valentin, aliyeongoza mémoire yangu ya kumaliza masomo. Ugonjwa ulimugusa kichwa mwaka jana, lakini niliambiwa amepata nafuu.

Alinipokea kwa heshima, kama mugeni. Nikamwambia nimekuja kuomba barua ya Sikitu, yaani yangu mimi.

Akatabasamu. "Sikitu? Ule mutoto ana akili sana. Nilishamuandikia zamani, ako Ulaya sasa. Unamujua?"

Muke wake, Mama Jeannine, akainamisha uso.

"Ndiyo, Prof," nikajibu. "Alifika salama. Anakushukuru."

Kesho ndiyo mwisho wa kupokea dossier ya maombi. Mama hajui bado kwamba barua sina. Ananiuliza kila siku kama baridi ya kule ni kali.

Mudogo wako,
Sikitu